Kuvu Nililoligundua Sebuleni Rawdha

Leo nimeadhirika, jamani. Sijui kesho nitamtazama vipi kafili wangu, bosi anayenidhamini huku.

Mnajua kazi yangu hapa Jeddah ni kukagua kuvu majumbani na kuliondoa. Zamani ukiwa na ndoo na klorini basi wewe fundi. Siku hizi mambo yamebadilika. Leseni ikiisha muda, lazima mkaguzi aje akutazame ukifanya kazi kwenye nyumba ya watu ndipo upewe nyingine. Bila leseni, mafi kazi, yaani hakuna kazi. Na bila kazi, ikama, kibali changu cha kuishi hapa, nayo ina mashaka.

Leo ilikuwa zamu yangu kutazamwa, na asubuhi kafili aliniomba kitu kimoja tu, nisijifanye mjuaji. (Nikamwambia aondoe shaka.)

Nyumba ilikuwa mtaa wa Rawdha, ya bibi mmoja mtu mzima, mpole, aliyetupokea kwa kahawa na tende. Mkaguzi akakaa pembeni pamoja na kafili wangu. Mimi nikavaa kila kitu: ovaroli la plastiki, glavu, miwani, na ile barakoa kubwa ya vichujio viwili. Nikaingia sebuleni. Juu ya kabati, ukuta mweusi tititi mpaka darini!

Moyo ukafurahi. Kipimo cha unyevu kilisema ukuta mkavu. Nikakigongagonga, nikaamua kimeharibika.

Nikaanza kutoa amri. Watu wasogee mpaka mlangoni, AC izimwe. Nikafunika kabati lote kwa plastiki, pamoja na mapambo yake, nikaziba na matundu ya AC. Kwa Kiarabu changu cha kuokoteza nikamweleza bibi kwamba hili ni kuvu la hatari, asilale humu. Maskini akashika kifua, akampigia simu mwanawe wa Riyadh aje amchukue.

Mkaguzi akauliza kama nina yakini. Nikamjibu kwamba nimeshaona mengi.

Akainuka, akapitisha kidole ukutani, akakinusa.

"Vua barakoa," akasema. "Kwenu wapi?"

"Zanzibar."

Akanisogezea kile kidole puani.

Udi. Masizi ya udi matupu! Nikafunua plastiki. Lile nililodhani pambo lilikuwa chetezo, na bibi hufukiza hapo miaka nenda miaka rudi. Mimi, mtoto wa Unguja, ambaye hata nguo za skuli mama alikuwa akinifukizia!

Kafili akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka, na sikuuliza.

Mkaguzi hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema leseni itasubiri, nirudi kwanza darasani nikasome upya, kisha tutaonana. Mpaka hapo, kazi yangu ni kubeba vifaa vya wenzangu.

Tulipokuwa tunatoka, bibi akanikimbilia mlangoni na kipande cha udi amekifunga kwenye karatasi.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Uwe unajifunzia."

Nimekichukua. Ningefanyaje? Nyinyi wenzangu mlioko Manfuha, kule Riyadh, nawaomba mcheke kwa ndani.