Kisanduku cha Tarakimu Muhimu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu mkuu ametangaza: Ijumaa mkaguzi atatazama kipindi changu na cha mwalimu wa kemia. Atakayemshinda mwenzake anapewa maabara. Mwingine anahamia stoo, kwenye mafagio na madawati mabovu. Mwalimu wa kemia ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Ananiita Babu mbele ya wanafunzi! Miaka ishirini na sita tangu nifike mji huu, na maabara ndicho chumba pekee ambamo hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoka wapi. Siitoi.

Silaha ninayo: mchezo. Kila mwanafunzi anashika kadi ya tarakimu, mmoja anashika nukta, wanapanga mstari. Tarakimu muhimu, zile zilizopimwa kweli, zinasimama. Sifuri za mwanzoni zinashika nafasi tu, kwa hiyo zinachuchumaa. Sifuri ya katikati inasimama. Ya mwisho, ikiwa baada ya nukta, inasimama pia. Kichwa kikisahau, magoti yatakumbuka. Kipaji!

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Fujo tupu. Kila mtu anataka kuwa tisa. Binti wa fundi cherehani alisema mama yake haamki alfajiri kumchemshia chai ili yeye aje kuwa sifuri. Nikamweleza kwamba sifuri ya mwisho ina heshima zake. Akauliza, kama ni tamu hivyo, mbona mwalimu hajaichukua yeye? Mwenye nukta naye akaenda msalani. Waliobaki wakawa hawajui wasimame au wachuchumae, wakaanza kulaumiana. Kengele ikanistiri.

Jumatano, 5 Machi

Dawa imepatikana! Kwa nini wahangaike na namba zote, na mkaguzi ataona moja? Tumefanya 0.04050 mara thelathini na moja. Wawili chini, wanne juu, kama gwaride. Mkaguzi atachomoa karatasi mwenyewe kisandukuni, bila kuchungulia. Karatasi kumi. Zote 0.04050.

Mke wangu aliponiona naziandika akauliza, baba watoto, siku hizi unafundisha au unafanya mazingaombwe? Nikamjibu sayansi ina wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni bibi wa miwani minene na maneno machache. Akachomoa. Watoto wakaenda kama saa! Akapiga makofi. Hapo ndipo ningefunga kisanduku. Lakini makofi yalinilevya, nikamkaribisha achomoe tena. 0.04050. Akasema, lo, bahati ya namna gani hii. Mara ya tatu, sifuri mbili zilichuchumaa kabla hajafunua karatasi.

Akamimina kisanduku chote mezani. Kisha akaandika ubaoni namba yake: 200.650. Tarakimu sita, zote muhimu, zote za kusimama. Wawili wa mwanzo wakachuchumaa kwa mazoea. Binti wa fundi cherehani akapaza sauti kwamba, jamani, hii hatukuifanyia mazoezi!

Jumamosi, 8 Machi

Niko stoo. Mwalimu wa kemia alinisaidia kubeba vitabu. Akasema, Babu, Jumanne maabara haina mtu, njoo uitumie. Ni dhahiri ananiogopa.

Nimelitafakari kosa langu kwa uaminifu wote wa kisayansi. Namba moja ilikuwa chache mno. Mkaguzi anarudi muhula ujao, na karatasi nimeshaziandika upya: tano za 0.04050, tano za 200.650.