Mawe Niliyoyakana Mbele ya Mashemeji

Ndugu zangu wa Ujiji, leo nimejiaibisha. Sikuaibishwa na mtu. Nimejiaibisha mwenyewe, kwa ulimi wangu, nyumbani kwangu, mbele ya watu ambao jana nilikuwa nawaita mashemeji na leo sijui niwaiteje. Naandika upesi kwa sababu kesho asubuhi mtumbwi wa mawese unatoka hapa Rumonge kuja kwenu, na nataka mlisikie kwangu kabla wapiga kafi hawajalitia chumvi. (Wataitia tu. Lakini angalau mtajua chumvi ni ipi na samaki ni yupi.)

Mnanijua. Shabani, fundi wa kushona. Kanzu, kofia, na siku hizi suruali za kaki za askari wa Wadachi, ambazo hupasuka mahali palepale kila mwezi. Na ugonjwa wangu mnaujua pia. Mawe.

Msiomjua Shabani vizuri, sikilizeni. Yako mawe ambayo ukiyagonga hayasemi "ko" kama mawe ya watu wengine. Yanalia. Moja lina sauti nyembamba, jingine nene, jingine linavuma mpaka unalisikia kwenye meno. Mazuri zaidi yako ufukweni Gitaza. Mwaka huu nilikwenda huko kwa mtumbwi kununua dagaa wetu, ndagala. Nikarudi na kikapu kimoja cha ndagala na mawe kumi na tisa. Wapiga kafi hawakunisemesha njia nzima.

Nyuma ya nyumba nimeyapanga juu ya vigogo viwili vya mgomba. Kila jiwe nimelichora alama ya mkaa, nijue lipi linafuata lipi. Jioni nikifunga kazi nayapiga kwa kirungu kidogo, na wimbo wangu ni ule wa wapiga kafi wanaporudi nyumbani na mzigo.

Mke wangu wa kwanza alisema, "Shabani, chagua. Mimi au mawe." Nilichelewa kujibu. (Kidogo tu! Nilikuwa nafikiri!) Alipofika kwao bado nilikuwa nafikiri.

Tangu hapo naona haya. Mtu akiniuliza nani anapiga vile vitu jioni, nasema sijui, labda watoto.

Sasa, kuna mjane hapa mtaani, Bi Mwamvua. Nyumba yake ya tatu kutoka kwangu. Marehemu mumewe alikuwa mpiga kafi, ziwa lilimchukua miaka mitatu iliyopita. Wanaume watatu wamemposa, wote amewakataa, na mmoja wao ana ng'ombe. Mimi nikatuma posa bila matumaini. Jibu likarudi: kaka zake watakuja kuona nyumba, kisha tutazungumza. Ndugu zangu, nilishona kanzu mbili siku ile bila kuhisi mgongo!

Kaka zake wangekuja leo, baada ya alasiri. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: asubuhi nipike, adhuhuri nihamishie mawe uwanjani kwa jirani yangu Songoro, alasiri niwe mtu mwenye akili timamu.

Asubuhi nimeshapika, akaja askari. Suruali imepasuka, nanyi mnajua wapi, na Bwana wake anafika kutoka boma la Usumbura kesho kuwakagua. "Fundi, sasa hivi!" Utamwambia nini askari? Nikampa shuka ajifunge, akakaa barazani kwangu kama mfalme, nami nikashona.

Nilipomaliza mguu mmoja nikamwita Songoro anisaidie na mawe. Songoro ni Mmanyema, anakamua mawese, mwanaume mwema kuliko mimi. Alikuja mbio kutoka kazini, mikono imelowa mafuta mpaka viwiko. Tukabeba jiwe moja moja. Tulikuwa tumefikisha saba upande wa pili wa ua, nikasikia barazani:

"Hodi!"

Adhuhuri! Walisema alasiri, wakaja adhuhuri! Mzee Kibwana mwenyewe, kaka mkubwa, na mdogo wake. Mawe kumi na mawili bado yako uwanjani kwangu. Nikayasukuma ukutani, nikayafunika mkeka, nikajifuta jasho, nikatoka nikicheka kama mtu aliyekunywa.

"Karibuni, karibuni! Mmeshindaje?"

"Salama, fundi. Tumewahi kwa sababu jioni tuna safari. Hatukukusumbua?"

"Aa, hata kidogo!"

Mzee Kibwana alivaa kanzu nyeupe niliyomshonea mwenyewe mwezi uliopita. Nikaona ni dalili njema. Nikawapeleka uwanjani kivulini, nikaweka ugali wa muhogo, samaki mukeke wa kuchoma, na bakuli la mchuzi wa mawese mwekundu. Askari naye akafuata harufu, na shuka lake. Songoro akabaki, maana nilimtaka awe shahidi wangu wa tabia njema. Hata hawajanawa, Mzee Kibwana akatazama jua.

"Kwanza tuswali. Huo mkeka pale unatosha."

Nikasema, "Ngoja nilete mwingine!" Lakini mdogo wake ni kijana mwenye adabu. Alishaunyanyua.

Mawe kumi na mawili. Yamelala pale juani yakiniangalia.

Mzee Kibwana akayainamia. Akachukua kijiti, akaligonga moja. Likalia. Loo, lililia vizuri! Akaniangalia.

"Fundi. Haya mawe ni ya nani?"

Ndugu zangu, hapo ndipo. Laiti ningejikwaa nikang'oka meno! Laiti askari angenipiga kofi! Nilimwona mke wangu wa kwanza akifunga mzigo wake. Nikajisikia nasema, kwa sauti ya mtu mwingine:

"Ya jirani yangu huyu, Songoro. Ni mutu mzuri, lakini ana mambo yake. Huwa anayaacha kwangu. Namvumilia tu."

Namvumilia! (Hilo neno litanisumbua mpaka nizikwe.)

Songoro aliniangalia. Mikono yake bado inang'aa mafuta kwa ajili yangu. Angeweza kusema lolote. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Ndiyo, Mzee. Ni yangu."

Mzee Kibwana na mdogo wake wakatazamana. Kisha mzee akatikisa kichwa.

"Basi tumekosea nyumba."

"Vipi, Mzee?"

"Dada yetu tangu afiwe alikuwa hapati usingizi. Mwaka huu ameanza kulala. Anasema jioni kuna mtu anapiga wimbo wa mume wake kwa mawe, upande huu, na akiusikia moyo unatulia. Mwenye ng'ombe amemkataa. Wewe amekukubali kwa sababu ya mawe. Kwa kushona hakukutaja, samahani." Akamgeukia Songoro. "Ndugu, wewe una mke?"

Songoro akafungua mdomo. Sikumngoja.

"Ni yangu!" nikapiga kelele. "Mzee, mawe ni yangu! Yote! Hata yale saba yako huko kwake!"

"Umesema sasa hivi ni ya huyu."

"Nilidanganya!"

"Ulidanganya mara ya kwanza, au unadanganya sasa?"

Askari akacheka mpaka akalishika shuka. Mtu asiye na suruali ananicheka mimi!

Mzee Kibwana ni mtu wa haki. Akaagiza yale saba yarudishwe, yote yapangwe, kila mmoja wetu apige. "Masikio yangu yatajua," akasema. Kufikia hapo ua ulishajaa vichwa: wanawake waliotoka kuchota maji, wachuuzi wa ndagala, wote.

Songoro akaanza. Aligonga kama mtu anayepasua kuni, makusudi kabisa, Mungu amlipe. Watu wakaziba masikio. Ikawa zamu yangu.

Nikapiga magoti. Nikatafuta alama zangu za mkaa. Hazipo! Mikono ya Songoro yenye mawese ilikuwa imezifuta zote. Mawe kumi na tisa yananing'arizia, yote yanafanana. Nikayapanga kwa kukisia. Nikashika kirungu, nacho kimelowa mafuta, nikavuta pumzi, nikapiga wimbo wa wapiga kafi.

Haukuwa wimbo wa wapiga kafi. Ulikuwa mtumbwi unaozama na mbuzi ndani.

Nikaongeza nguvu. (Kwa nini? Sijui. Mtu anayeshindwa huongeza nguvu.) Kirungu kikachomoka mkononi, kikaruka, kikagonga sahani ya mukeke, kikatua ndani ya bakuli la mchuzi. Mchuzi wote ukapanda juu, ukashukia kifuani kwa Mzee Kibwana. Kanzu nyeupe. Mshono wangu mwenyewe.

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee Kibwana hakucheka. Alijitazama, akachukua kipande cha mukeke kilichomwangukia begani, akakirudisha sahanini kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ng'ambo ya ua.

"Fundi Shabani."

Bi Mwamvua. Alikuwa kati ya wale wanawake, mtungi kichwani. Kicheko kikakatika.

"Nilijua ni wewe tangu mwanzo," akasema. "Nilikuona siku ile ukiyashusha mtumbwini, unalibeba kila moja kama mutoto mchanga. Nikasema, huyu mtu anapenda kitu chake na hajali watu watasema nini. Kumbe unajali."

"Bi Mwamvua, nisamehe, niliogopa mtaniona mwendawazimu."

"Mimi naongea na kuku wangu, fundi. Kila asubuhi, kwa majina yao. Mtaa mzima unajua. Siku wageni wakikuuliza, huyu mwanamke anayeongea na kuku ni wa nani, utasema ni wa Songoro?"

Safari hii si kwamba nilichelewa. Jibu halikuwepo.

Akasema, "Murakoze, asante kwa wimbo wa siku zote hizo," akashika mtungi wake, akaenda. Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika! Kaka zake wakanawa, wakaaga vizuri, wakamfuata bila kula. Askari akala mukeke wote nikimalizia suruali yake, akaivaa, akaniambia, "Fundi, mshono mzuri," akaenda zake.

Nilibaki na Songoro. Nikamwomba radhi kwa lile neno. Akasema, "Yaishe." Halafu akaenda kukamua mawese yake, na leo kwa mara ya kwanza hakusema tutaonana jioni. Hilo linaniuma kuliko posa.

Alasiri nimeyabeba mawe yote kumi na tisa, nimeyaosha kwa majivu, nimeyapanga upya kwa sikio. Sikuyarudisha nyuma ya nyumba. Yako barazani, mbele, karibu na cherehani, anayepita njiani ayaone. Nimepiga wimbo mzima bila kukosea. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kofia akauliza, "Haya ni ya nani?" Nikasema, "Yangu." Kulikuwa rahisi hivyo tu. Kulikuwa rahisi hivyo tangu asubuhi.

Upande wa Bi Mwamvua, mlango ulikuwa wazi nilipoanza, na nilipomaliza ulikuwa wazi bado. Sijui maana yake, na sina ruhusa tena ya kuuliza.

Msicheke, tafadhali. Na mama yangu mwambieni tu kwamba posa imekwama. Msimwambie kwa nini. Mambo ya mawe alishanisamehe tangu utotoni. Uongo ndio aliokuwa ananichapia.