Walnati Tatu za Gubaz

Jumapili, 1 Juni
Chai kwa Bi Tsiala. Akafungua chupa ya mwisho ya walnati za shira za mwaka jana. Nyeusi, zinang'aa. Gubaz akawekewa tatu. Mimi mbili! Nilihesabu mara mbili.

Bi Tsiala anasema baridi ya Aprili ilichoma maua ya mti wake, mwaka huu hana hata tunda. Anataka walnati changa, kabla ganda halijakomaa, sindano ipenye. Gubaz akaruka kama jogoo: atamletea ndoo nzima. Mnafiki.

Ukuta wa Bi Tsiala, tunaoujenga mimi na Gubaz, unaisha Jumamosi. Kibarua mmoja atabaki kumwangalizia ng'ombe hadi msimu wa baridi upite, kwenye chumba chenye jiko. Mimi nimelala kwenye banda la vifaa tangu Machi. Chumba kile ni changu.

Jumatatu, 2 Juni
Nimemfuata Gubaz alfajiri. Amepata mti wa walnati wa porini kando ya mto. Akachoma tunda kwa sindano, akatabasamu, akaondoka kutafuta ndoo. Mpumbavu.

Jioni nikamuuliza Bi Tsiala, kama mtu anayepiga soga tu, zinapikwaje. Menya, loweka, badilisha maji siku nyingi, kisha siku nzima kwenye maji ya chokaa zisilegee, ndipo shira na karafuu. Gubaz atamletea mbichi. Mimi nitamletea zilizopikwa!

Jumanne, 3 Juni
Nikasema tumbo linauma. Nimevuna matawi yote ya chini. Tisini na tatu! Nikamenya zote bandani.

Mikono ikawa ya njano. Kisha kahawia. Sasa ni myeusi kama ya mchoma mkaa. Sabuni, majivu, siki, petroli. Wapi! Kwetu Svaneti, juu milimani, miti hii haioti. Nani angeniambia maganda yake yanatia rangi?

Jumatano, 4 Juni
Gubaz karudi na ndoo tupu, matawi ya juu hayafikii, karibu alie. Bi Tsiala akamwambia asihangaike, mwizi wa walnati hujitangaza mwenyewe, amtazame mikono.

Nimekula maharage nikiwa nimevaa glavu za kazi. Gubaz akauliza, "Ndugu Zaur, umekuwa daktari wa ng'ombe?" Nikasema nasikia baridi. Jasho lilinidondokea kwenye bakuli.

Alhamisi, 5 Juni
Siku nyingi za maji mimi sina. Nimeruka moja kwa moja kwenye chokaa. Kibarua wa ujenzi hakosi chokaa! Kulikuwa na nusu mfuko wa unga mweupe bandani, hauna maandishi. Nikamimina wote, kwenye ndoo ya bluu ya Bi Tsiala. Zikakaze vizuri.

Ijumaa, 6 Juni
Zimekaza.

Ilikuwa jasi. Ile ya dari. Walnati tisini na tatu ndani ya jiwe jeupe. Nimepiga nyundo. Imepasuka ndoo.

Jumamosi, 7 Juni
Bi Tsiala akaja kutafuta ndoo yake. Akaona jiwe. Akaona glavu. "Vua, kaka Zaur." Nikavua.

Akacheka hadi akakaa chini juu ya mifuko. Afadhali angenitukana. Kisha akafuta macho, akasema Gubaz ndiye atakayebaki, maana yeye akitaka kitu huomba. Gubaz akalijenga jiwe langu kwenye nguzo ya lango, walnati zikichungulia nje. Eti ukumbusho.

Jumapili, 8 Juni
Gubaz amenibebea begi hadi kituoni. Bi Tsiala amenipa kikopo kidogo cha safari. Basi lilipoondoka tu nikafungua. Walnati tatu za ile chupa ya mwisho! Tatu, kama za Gubaz!

Furaha yangu ilifika hadi darajani. Kama mimi mwizi nimepewa tatu, yeye sasa anapewa ngapi? Tano? Sita?

Nikamwambia dereva anishushe. Matawi ya juu ya ule mti bado yamejaa, na sindano inapenya. Nina ufito mrefu wa kuangulia. Nina glavu, safari hii nitazivaa mapema. Na kwenye jengo moja hapa kando ya barabara nimepata mfuko wa unga. Hauna maandishi, lakini huu ni mweupe zaidi.