Kasha Moja, Diski Mbili, Nyumba Mbili

Verlyn Haugstad,
Fergus Falls, Minnesota.
9 Agosti, 2011

Kwa Meneja wa Mauzo, Kampuni ya Filamu.

Ndugu Meneja,

YAH: KASHA LENU KUNITENGANISHA NA MKE WANGU

Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe. Naomba usinielewe vibaya.

Mnauza sinema kwenye kasha moja lenye diski mbili, ya HD na ya kawaida. Mwanzoni nilifurahi. Sebuleni kwangu hapa mjini nina deki ya HD, na kwenye kibanda chetu cha ziwani kuna deki ya zamani. Ndivyo tulivyo huku: kochi likichanika, ziwani, televisheni ikizeeka, ziwani. Mke wangu Ardis husema, "Kwa utaratibu huo, Verlyn, wewe ungekuwa umeshapelekwa siku nyingi."

Sasa malalamiko.

1. Mwezi Mei tulitimiza miaka arobaini ya ndoa. Nilimnunulia Ardis kasha lenu, sinema ya mapenzi. Kabla ya kulifunga kwenye karatasi ya maua nilichomoa diski ya HD nikaitia kwenye deki yangu, maana kule ziwani haichezi. Alipofungua akakuta tundu tupu. Akauliza, "Nusu nyingine ni ya nani?" Nikasema ukweli: yangu. Hapa nawalaumu ninyi. Msingeweka tundu la pili, nani angejua? Wiki ile akalibeba kasha lake, akaenda kufungua kibanda kwa ajili ya kiangazi. Kila mwaka hurudi baada ya siku tatu. Safari hii hajarudi mpaka leo.

2. Kila Ijumaa hunipigia simu, tukatazama sinema hiyohiyo, kila mtu kwake. Hiyo ndiyo huruma niliyobakiziwa. Lakini diski yenu ya HD hukaa dakika nne ikijifikiria, kisha inaleta matangazo yasiyorukika. Ya Ardis inaanza papo hapo. Basi anacheka kabla yangu. Mimi nikifika kwenye kichekesho, yeye yuko kwenye kilio. Jamani, miaka arobaini tumecheka pamoja!

3. HD inaonyesha mno. Nimeona wigi la mwigizaji mkuu, gundi na yote. Nikamwambia Ardis. Akasema, "Kwangu naona mwanamume anayempenda mkewe. Shida ni macho yako, si wigi." Akakata simu.

Kwa hiyo naomba diski zote mbili zianze kwa wakati mmoja. Aidha, mtumishi wenu mmoja aende ziwani akiwa amevaa tai, amwambie Ardis kuwa kosa ni la kampuni. Avue viatu mlangoni, mama huyo hapendi matope. Na Ardis akikataa kurudi, msimamishe utengenezaji wa HD dunia nzima hadi atakaporudi. Sioni kama naomba makubwa.

Nisalimie wafanyakazi wote, hata yule anayebandika nailoni isiyobanduka kwenye kasha. Sina kinyongo naye, ila kucha zangu zimebaki mbili.

Wako katika upweke wenye picha safi,

Verlyn Haugstad

N.B. Kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea Ardis barua hii kwenye simu. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka palepale, kwa wakati mmoja. Kisha akauliza kama nimewahi kukisoma kijitabu cha deki yangu. Sijawahi. Nimekisoma sasa. Ukurasa wa kwanza kabisa: deki ya HD inacheza diski zote mbili. Kumbe ile ya kawaida peke yake ingetosha nyumba zote mbili, na kasha zima lingekuwa lake. Madai yangu yote nimeyafuta. Ardis amesema, "Njoo, baba wewe, viazi viko kwenye oveni, na kochi lililochanika lina nafasi." Natoka sasa hivi, na ile diski ya HD naichukua. Najua kule haichezi, lakini tundu lake kwenye kasha bado liko wazi.