Pua ya Spitfire K

Jumatatu, 3 Machi
Siku kumi na mbili zimebaki. Mwaka huu kombe la chama chetu cha waunda ndege za mfano lazima lilale kabatini kwangu! Spitfire yangu, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, iko tayari: mfano wa ile yenye herufi K, iliyopaa kwenda vitani kutoka uwanja wa hapa hapa kwetu Lincolnshire. Miezi mitano ya kazi. Pua nyekundu, tabaka nne. Inang'aa kama tufaha.

Neville Skipworth, bingwa wa miaka sita mfululizo, akaikagua na kutangaza kwamba pua ya K ilikuwa njano. Picha ya kale ya K iko moja tu, na filamu za enzi zile ziligeuza nyekundu na njano zote kuwa nyeusi kama masizi. Kwa hiyo hajui. Hata mimi sijui, lakini mimi nimeshapaka! Mwenyekiti akaamua nilete ushahidi, la sivyo ndege yangu haishindani.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Nitakosaje picha ya pili ya K na K mwenyewe yuko mezani kwangu? Nikatafuta filamu ya aina ya zamani. Nikaiweka ndege bustanini, ua wa mke wangu Hilary ukawa msitu, nikalala kifudifudi matopeni nikapiga. Pua ikatoka nyeusi tii, kama kwenye picha ya kale. Picha nikailoweka kwenye chai izeeke. Hilary akauliza kama imebaki ya kunywa. Hana maono.

Nilitaka kuandika nyuma yake "pua nyekundu". Nikaacha. Huo ungekuwa udanganyifu.

Ijumaa, 7 Machi
Chamani nikasema nimeiokota mnadani, ndani ya kitabu. Skipworth akatoa lenzi. Dakika ishirini! Akasifu matope. Akatuonyesha mfuko wa mchanga kando ya gurudumu, dalili ya uwanja halisi wa vita. Kichwa kikanivimba. Mpanda ngazi hushuka, Neville!

Kisha akasema, "Jamani, ubishi umekwisha. Pua hii ni njano, hata kipofu anaiona."

Wote wakaitikia. Njano! Na kopo la rangi nyekundu liko mfukoni mwangu. Nikamshukuru.

Jumapili, 9 Machi
Nimepaka njano. Tabaka nne. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 15 Machi
Mashindano. Mgeni wa heshima Bi Enid Blanchard, miaka mia na moja, aliyekuwa mpaka rangi wa ndege pale uwanjani wakati wa vita. Akasimama mbele ya ndege yangu akacheka. Akasema pua ya K ilikuwa nyekundu, aliipaka kwa mkono wake mwenyewe, na rangi ilimganda kwenye nywele wiki nzima.

Nyekundu! Nilikuwa sahihi tangu mwanzo! Skipworth akamwekea picha yangu mbele ya macho, akasema kwa heshima zote bibi amesahau, njano hiyo hapo, na mfuko wa mchanga huo hapo. Sikuweza kuvumilia.

"Njano gani wewe? Siku niliyoipiga picha hiyo ilikuwa nyekundu!"

Bi Enid akaomba lenzi, akainama juu ya picha.

"Ndiyo maana, wanangu," akasema. "Nilikuwa najiuliza mfuko wenu wa mchanga umeota pembe lini."

Konokono. Konokono wa Hilary, mkubwa kama gurudumu!

Mimi nikafungiwa nje ya chama mwaka mzima. Skipworth akakosa kombe kwa kuthibitisha njano iliyokuwa nyekundu. Kombe akapewa Bwana Pocklington, aliyeleta puto la ulinzi, lile lililoning'inizwa angani kuzuia ndege za adui. Kijivu kitupu, hakuna wa kumbishia.

Jumapili, 16 Machi
Nimetafakari usiku kucha, na kwa unyenyekevu nakiri kosa langu: konokono. Mengine yote yalikwenda vizuri. Adhabu ikiisha naleta ndege ambayo haina hata picha moja, kwa hiyo picha zote zitakuwa zangu. Leo asubuhi nimekagua bustani jani kwa jani. Konokono hakuna. Nimemwambia Hilary abandike chai, sufuria kubwa.