Kadi ya Afande Ignatius

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Naandika Kiswahili makusudi. Kagoya, mama mwenye nyumba, hupekua vitu vyangu nikitoka. Huku Uganda Kiswahili ni lugha ya askari; akikiona anadhani ni mambo ya jeshi, anarudisha daftari chini ya godoro mbio.

Leo matata. Afande Ignatius wa magereza kaingia ofisini kwangu hapa Nalufenya, Jinja, macho mekundu. Mchumba wake Gorreti, yuko Mbale, alimwandikia kwenye potali yetu, ile ya kutumiana ujumbe kwa kompyuta: wazazi wanakungoja Jumamosi. Ujumbe ukalala ndani ya kompyuta wiki mbili. Potali inapeleka ujumbe wa mtu kwa mtu, sawa, lakini haimwambii mwenyewe kwamba umefika! Mpaka aje, afungue, aone. Wakwe wakapika, wakangoja, wakala wenyewe kwa hasira. Sasa Mzee Wanzala, baba wa Gorreti, ametoa siku moja ya mwisho. Tarehe Gorreti ataiandika humo humo. Afande akiikosa, binti anaolewa na mwalimu mmoja mwenye pikipiki.

Nikamshika bega. Nikamwambia, afande, ujumbe huo utakukuta hata ukiwa chooni. Mimi Waiswa nimesema.

Jumanne, 7 Septemba

Madam Margret kapiga simu. Ofisi zote mbili ni zake, hii yangu na ile ya Namakwekwe, Mbale. Anataka watu waarifiwe ujumbe wao ukifika. Atakayepata njia nzuri atakuwa mkubwa wa potali nzima.

Umar wa Mbale ameshaanza. Umar! Kasoma kompyuta Nairobi miezi mitatu, sasa hata kukohoa anakohoa Kiingereza. Kachora bahasha nyekundu. Ukiingia kwenye potali inawaka, na jina la aliyekuandikia juu yake. Nilicheka mpaka Madam akauliza kama naumwa. Nikasema, Madam, mtu yuko Wanyange anapaa samaki, ataionaje bahasha iliyomo ndani ya kompyuta Nalufenya? Nimemweza! Akasema haya, Waiswa, njia yako ni ipi. Nikasema kesho.

Sina njia.

Jumatano, 8 Septemba

Ninayo!

Umeme ulikatika. Unatengenezwa hapa hapa Jinja, tunauona ukipita juu ya vichwa kwenda kwa wengine. Nikakaa mlangoni na Odero, bodaboda wa baiskeli. Odero anajua kila nyumba mjini na kila mbwa wake. Ndipo akili ikafunguka. Ujumbe ukiingia, mimi naandika kadi, Odero anapeleka! Kadi haisemi kilichoandikwa, maana ujumbe wa mtu ni siri. Inasema tu: UNA UJUMBE KUTOKA KWA FULANI. NJOO HARAKA.

Nimemfundisha adabu za hoteli kubwa za Mombasa. Nilizitazama mwenyewe. (Nilikuwa nje ya geti, lakini geti lilikuwa wazi.) Ukifika, vua kofia. Kadi kwa mikono miwili. Usicheke. Ukiulizwa kuna nini, tazama chini.

Mazoezi mara nne. Odero kaniuliza kama watu hawataogopa. Nikamwambia asiniletee mawazo ya kijijini.

Ijumaa, 10 Septemba

Asubuhi, jina la Gorreti kwenye kompyuta! Sikufungua, mimi ni mtu wa heshima. Kadi. Odero akaruka juu ya baiskeli.

Kurudi, hana kofia. Afande alikuwa zamu, kadi kaipokea dada yake, Aber. Aber akasoma jina. Akamtazama Odero: anahema, kofia mkononi, kimya. Akauliza, ni Gorreti? Odero akatazama chini, kama nilivyomfundisha.

Banange, jamani! Kwetu mtu wa baiskeli akija mbio, akavua kofia, akakataa kusema, huwa ameleta habari moja tu. Aber akapiga yowe. Nyumba za askari zote zikaitikia.

Nikakimbia. Nikakuta vumbi. Lori la miwa la jirani yao Mugweri limekwisha kuondoka na watu arobaini, mikeka, sufuria, kuni na gunia la maharage. Afande amekaa mbele, analia kama mtoto. Wanakwenda Mbale kumzika Gorreti.

Ndipo nikafungua ujumbe. Heshima nayo ina mwisho. Gorreti ameandika: “Baba amekubali. Leo Ijumaa, saa kumi jioni. Njoo na watu sita tu. Baba hapendi kelele.”

Ningempigia Umar simu akawaonye. Kutoka ofisini kwake hadi kwa akina Gorreti ni hatua mia mbili. Lakini Umar anicheke? Nakwenda mwenyewe.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimelala Namakwekwe. Kwa Umar. Basi, yaishe.

Jana nilifika nikachelewa, nikajificha nyuma ya mgomba. Lori lilikuwa limeingia saa kumi kamili! Wanawake wanagaagaa chini. Wanaume wanauliza kaburi lichimbwe wapi. Mzee Wanzala amesimama mlangoni na suti, anauliza nani amekufa. Nyuma yake akatokea Gorreti, sinia la glasi mkononi, nywele zimesukwa upya.

Aber akazimia. Afande akapiga magoti, akamkumbatia Gorreti miguu, akakataa kuachia.

Mzee akaanza kuhesabu watu kwa kidole, akapita sita. Nikaanza kutafuta njia ya nyuma. Mwalimu wa pikipiki tayari alikuwa kwenye ua, anatabasamu.

Kisha mzee akasema ana mabinti watano, wanne wameolewa, na hakuna mkwe aliyewahi kudondosha chozi. Huyu kaleta lori zima kumlilia binti angali hai. Akaagiza kuni za matanga ziwashwe, maharage yapikwe. Pikipiki ikaondoka polepole.

Nikatoka mgombani kupokea shukrani. Aber alikuwa amezinduka. Alinipokea kwa mwiko.

Jumatatu, 13 Septemba

Madam amekata shauri. Bahasha nyekundu imeshinda. Umar ndiye mkubwa wa potali, mimi niko chini yake. Nimekatazwa kadi. Nimekatazwa pia kumkaribia Odero saa za kazi. Madam kaniuliza kwa upole kama kuna somo nimepata.

Nimelipata! Afande ana mke kwa sababu ya nani? Bahasha? Kosa lilikuwa baiskeli. Ndogo, haina sauti, mtu anaweza kuichukulia vibaya.

Leo jioni nimeonana na bwana mmoja karibu na soko. Ana gari la kubebea maiti, refu, jeusi, taa mbili juu, king'ora kizima. Yuko tayari kuniazima kwa wiki nzima. Likisimama mlangoni pako, utasema hukujua una ujumbe?

Kesho asubuhi tunaanza na nyumba ya Madam Margret. Odero ameshapata kofia mpya.