Wingu Langu la Komoro

Jumatatu, 6 Machi 2006
Namba moja iko wazi! Choo ndani, maji ndani, dirisha linaangalia barabara ya Namanga. Lazima nikipate chumba hicho. Wilkister, mchumba wangu, anakuja Jumamosi kutoka Mumias, na nilimwandikia kwamba nimeshahamia humo. Nilikuwa nimetangulia habari kidogo tu.

Mzee Abdinoor, mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, anasema tunaokitaka ni wawili: mimi na Kisemei, mlinzi wetu. Wiki hii anabadilisha mabati ya ploti nzima. Atakayemtajia siku isiyo na mvua atapewa chumba. Kisemei ananusa upepo na kuuliza ng'ombe. Mimi niko na setilaiti!

Jumanne, 7 Machi
Saa nane, wakati wa lanchi, nikaingia saiba ya Musila, kwenye intaneti. Picha ya Bahari ya Hindi, ya leo leo. Wingu nene limekaa juu ya Komoro, jeupe kama ugali. Nikaiprinti, nikaibandika getini. Nimemwambia mzee dhoruba hiyo inakuja Kitengela, tungoje ipite. Akashika ndevu.

Jumatano, 8 Machi
Saa nane tena. Wingu liko palepale! Nikaandika chini ya picha: LINAKUSANYA NGUVU. Kisemei akauliza kama Komoro ni mbele ya Isinya au nyuma. Nilicheka hadi chai ikanitoka puani.

Alhamisi, 9 Machi
Saa nane. Palepale! Siku ya tatu. Basi limekwama, halina nguvu ya kuvuka bahari. Nimemwambia mzee kesho ni kavu, aite fundi.

Madam Nyaguthii, mwalimu wa jiografia, alikuwa kwenye kompyuta ya pili. Hakuna aliyemuuliza. Akasema mchana kisiwa hupata joto kuliko bahari, hewa inapanda, wingu linajikusanya juu yake, na usiku linaisha. Kila siku hivyo hivyo. Haliji kwetu na halituambii chochote. Akanishauri nije asubuhi nijionee. Asubuhi niko kazini! Wivu tu, na mkopo wake wa chuo haujaisha kulipwa.

Kisemei naye amemwambia mzee upepo umegeuka, mvua ni kesho. Mzee akasita. Nikaapa kwa jina la marehemu nyanya yangu. Fundi ameitwa.

Ijumaa, 10 Machi
Ole wangu.

Saa nane mabati yote yalikuwa chini. Mama Selpha wa namba nne alitaka kutoa godoro. Nikamwambia asijichoshe, anga naijua. Saa tisa ikanyesha. Tena haikutoka baharini, ilitoka milima ya Ngong! Nani huangalia Ngong? Godoro la Mama Selpha limekunywa maji mpaka wanaume wanne wameshindwa kulibeba. Amenifukuza na mwiko hadi kwa muuza makaa. Barua zote za Wilkister zimelowa, wino umekuwa uji. Nililia, haki ya Mungu. Kwa mvua ile hakuna aliyejua.

Jumamosi, 11 Machi
Namba moja amepewa Kisemei.

Wilkister alifika saa nne. Fundi ameanza kuezeka namba moja, kwangu bado hakuna paa, kwa hiyo Kisemei akamkaribisha chai kwake, ndani ya chumba changu! Wilkister akaniuliza kwa nini nyumba yangu iko na shuka nyekundu na rungu tatu. Nikakiri yote. Akasukuma kikombe kando. Nimewahi kuogopa, lakini si hivyo. Mwishowe akasema angeolewa na mtu asiye na choo ndani, lakini si na mwongo, na hii ndiyo mara ya mwisho. Nikaapa. Safari hii nyanya nikamwacha apumzike.

Jumapili, 12 Machi
Nimesamehewa! Wilkister anataka tupange siku ya harusi kabla hajarudi. Kisemei, bila kuulizwa, akasema tungoje Agosti, masika yapite. Mtu hajawahi kushika mausi ya kompyuta!

Saa nane nikaenda kwa Musila. Kosa nimelijua: kisiwa. Komoro hakifai. Nimehamia Shelisheli. Kawingu kadogo tu, na kanaelekea mbali nasi.

Nimempigia baba mkwe na kumhakikishia mwenyewe kwamba hakutanyesha. Harusi ni Jumamosi, tarehe 22 Aprili, uwanjani, watu mia tatu. Alitaka kukodi tenti. Nimemwambia asijisumbue.